Poka ya pesa Uingereza: baa, klabu, sebuleni au kasino?

Mkikaa watu kumi na kitu huko Leicester, Reading au Glasgow mkasema mnataka jioni ya poka kila Alhamisi, ubishi unaanza kabla karata hazijagawiwa. Mmoja anasema baa ni ruksa, mbona Waingereza wenyewe wanacheza humo kila wiki. Mwingine anasema bila leseni ya kasino mnajitafutia kesi. Wa tatu anasema njooni kwangu, nitapika pilau, kila mtu achangie pauni kumi, yaishe. Huyu wa tatu ndiye hasa anayehitaji kusoma makala hii mpaka mwisho.

Sheria tunayoizungumzia ni Sheria ya Kamari ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika kikamilifu Septemba 2007. Inashika England, Wales na Uskoti. Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake wa tangu 1985, na kasino huko haziruhusiwi kabisa, kwa hiyo aliyeko Belfast asichukue nambari zilizomo humu akaenda nazo baa. Kwa wenzetu ambao dini imeshawapa jibu kuhusu kamari, hapa nazungumzia sheria ya nchi tu.

Kabla ya kulinganisha sehemu na sehemu, tuondoe hoja moja ambayo huibuka kila mara: kwamba poka ni mchezo wa akili, si bahati nasibu, hivyo haiwezi kuwa kamari. Hoja hiyo ilishapelekwa mahakamani ikashindwa. Klabu ya Gutshot, iliyokuwa Clerkenwell, London, ilikuwa ikichezesha poka bila leseni na kutoza wachezaji. Mwendeshaji wake alishtakiwa kwa sheria ya zamani, ile ya 1968, na utetezi wake ulikuwa huohuo wa ujuzi. Januari 2007 baraza la wazee wa mahakama pale Snaresbrook lilimkuta na hatia, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaikubali hukumu hiyo. Sheria ya 2005 yenyewe haikuacha mwanya: mchezo wenye bahati na ujuzi kwa pamoja unahesabiwa kuwa mchezo wa bahati, hata kama ujuzi wa hali ya juu unaweza kuifuta ile bahati. Basi mkikutana na afisa leseni wa halmashauri, msianze kumweleza hesabu za uwezekano.

Jambo ambalo sheria inaliangalia kwa jicho kali ni jingine. Inauliza: mnacheza wapi, mnaweka dau kiasi gani, na je, kuna mtu yeyote anayekula cha juu? Poka ya kawaida, ambapo wachezaji wanashindana wao kwa wao na hakuna anayesimama kama benki, inaitwa mchezo wa nafasi sawa. Mchezo wa namna hiyo umefunguliwa milango kadhaa isiyohitaji leseni ya kasino. Kila mlango una kimo chake.

| | Baa | Klabu ya wanachama bila kibali | Klabu ya wanachama yenye kibali cha michezo |
|---|---|---|---|
| Dau la mtu kwa mchezo mmoja | Pauni 5 | Pauni 10 | Hakuna kikomo |
| Jumla ya madau | Pauni 100 kwa siku | Pauni 250 kwa siku, 1,000 kwa wiki | Hakuna kikomo |
| Zawadi kwa mchezo | Pauni 100 | Pauni 250 | Hakuna kikomo |
| Ada ya kushiriki | Hairuhusiwi | Pauni 1 kwa mtu kwa siku | Pauni 3 kwa mtu kwa siku |
| Kukata chochote mezani | Marufuku | Marufuku | Marufuku |
| Nani acheze | Mteja yeyote mtu mzima | Wanachama na wageni wao wa kweli | Wanachama na wageni wao wa kweli |

Tazameni mstari wa tano. Katika sehemu zote tatu, hakuna ruhusa ya kuchukua hata senti kutoka kwenye pesa zilizowekwa au zilizoshindwa. Ile tabia ya mwenye meza kukata kidogo kila mkono, yaani duru moja ya karata, unapoisha, ambayo kasino inaifanya kihalali kwa leseni yake, kwenye baa au klabu ni kosa. Haijalishi ni asilimia ngapi, haijalishi zinakwenda wapi.

Baa

Kwa kundi dogo linalotaka kucheka na kucheza, baa ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Hamhitaji kuomba kibali chochote cha kamari. Leseni ya pombe aliyonayo mwenye baa inatosha, mradi mipaka iheshimiwe.

Lakini si kila sehemu inayouza bia ni baa kwa sheria hii. Lazima pawe na kaunta ambapo mtu anaweza kuagiza kinywaji bila kulazimishwa kula. Mgahawa ulioruhusiwa kutoa pombe pamoja na chakula tu hauingii. Hii inawagusa watu wetu moja kwa moja, maana kuna migahawa mingi ya nyama choma na biriani yenye leseni ya namna hiyo, na mwenye mgahawa anaona ajabu kwamba baa ya jirani inaweza kuchezesha poka na yeye hawezi. Vilevile ruhusa inafuata saa za leseni: muda wa kuuza pombe ukiisha, ruhusa ya poka nayo imekwisha. Ile desturi ya kufunga mlango saa sita na kuendelea ndani na wateja wachache wa karibu haina kinga.

Sasa hesabu yenyewe. Pauni 5 kwa kila mtu, na pauni 100 kwa siku nzima kwa baa nzima. Maana yake mashindano ya watu ishirini yakijaa, siku imekwisha. Wakija watu ishirini na wanne, ama mnashusha kiingilio kiwe pauni 4, ambayo inafanya 96, ama wanne wanakaa kutazama. Na msidhani mnaweza kufanya mashindano mawili, moja saa kumi na mbili na jingine saa tatu usiku, kila moja la pauni 100. Kikomo ni cha siku, na ni cha baa, si cha meza wala cha mwandaaji. Kama kuna kundi jingine lililocheza mchana chumba cha nyuma, mmeshapunguziwa.

Mahali watu wanapojikwaa ni kwenye kununua upya. Katika mashindano, mchezo mmoja ni mashindano yote tangu mwanzo hadi mshindi apatikane. Kwa hiyo aliyelipa pauni 5, akapoteza chipu zake zote, vile vipande vinavyosimama badala ya pesa, ndani ya dakika ishirini, akitaka kurudi kwa pauni 5 nyingine ameshavuka kikomo chake. Mkitaka kuwa na nafasi ya kununua upya, anzeni na pauni 2, ili ununuzi wa pili wa pauni 2 na wa tatu wa pauni 1 ubaki ndani ya zile tano. Hakuna anayeipenda taratibu hii, lakini ndivyo ilivyo.

Mchezo wa pesa taslimu, ambapo watu wanaingia na kutoka mezani na chipu ni pesa kamili, sishauri uchezwe baa. Kisheria haujakatazwa kwa jina lake. Tatizo ni kuuhesabu: kila dau la kila mkono linaingia kwenye ile jumla ya pauni 100, na meza ya watu wanane wachangamfu inaweza kuifikia kabla ya chakula cha jioni. Nani atakaa na daftari kujumlisha kila anayepandisha? Mashindano yenye kiingilio kimoja yanahesabika kwa macho: watu kumi na sita, mara tano, themanini, tumemaliza.

Ada hairuhusiwi baa. Si pauni moja, si senti hamsini. Na hapa ndipo utamaduni wetu wa mchango unapotuponza. Sisi tumezoea kwamba ukipita na kofia ukasema "hiari tu, cha chai kwa mwandaaji", hiyo si ada. Sheria ya hapa haiangalii jina uliloyapa malipo. Mwongozo wa Tume ya Kamari unasema wazi kwamba haina maana kama malipo yameitwa ya hiari au ya lazima, hasa ikiwa asiyelipa hapewi kiti. Chakula cha lazima nacho kinaweza kuhesabiwa ada: mkitangaza "poka na sahani ya mbuzi, pauni 15", na hakuna namna ya kucheza bila kununua ile sahani, mmeshaiuza nafasi ya kucheza. Wekeni menyu kwenye kaunta, anayetaka ale, asiyetaka acheze na maji ya bomba. Mwenye baa anapata faida yake kwenye vinywaji, na hiyo ndiyo faida pekee anayoruhusiwa kuipata kwa usiku ule.

Msimamizi wa baa, yule ambaye jina lake limo kwenye leseni, ndiye anayebeba dhamana. Anatakiwa kuona kwamba hakuna mwenye umri chini ya miaka 18 mezani, madau yamelipwa kwa pesa si kwa kukopeshana, na kikomo hakijapitwa. Halmashauri ikiona baa inavunja masharti, inaweza kutoa amri ya kuiondolea ile ruhusa ya michezo, hata kama leseni ya pombe inabaki. Ndiyo maana baadhi ya wenye baa watakukatalia katakata. Wasikilizeni, wao ndio wana cha kupoteza.

Kuna namna nyingine ya poka ya baa ambayo mtaikuta miji mingi: ligi za bure. Huweki dau, hulipi kiingilio, unakusanya pointi wiki baada ya wiki. Ziliota kila mahali baada ya 2003, pale mhasibu wa Marekani Chris Moneymaker aliposhinda dola milioni 2.5 kwenye mashindano ya dunia Las Vegas na kila mtu akajiona anaweza. Kama shida yenu ni kujifunza mchezo na si pesa, ligi hizo ni bora kuliko chochote kilichomo katika makala hii. Ila mkitaka kuanzisha yenu kwa kutumia pesa, angalieni sharti la kutounganisha: mchezo wa baa moja usiamuliwe na matokeo ya baa nyingine, wala zawadi yake isitegemee watu wangapi wamecheza kwingine. Kukusanya madau ya baa nne yakawa kitita kimoja cha pauni 400 hakukubaliki.

Jambo la pembeni, kwa wazee wa dhumna. Katika baa hizohizo, dhumna na mchezo wa karata uitwao cribbage havina kikomo cha dau wala cha zawadi. Ni urithi wa sheria ya 1968, ambayo iliiacha michezo hiyo miwili ichezwe baa kama desturi ya wenyeji. Kwa hiyo mzee wa Kizanzibari anayepiga kete zake kwa pauni ishirini yuko salama, na kijana wa meza ya pili anayecheza poka kwa pauni sita amevunja sheria. Ada bado hairuhusiwi kwa wote wawili.

Klabu

Klabu inavutia kwa sababu nambari zake ni kubwa. Pauni 10 badala ya 5, zawadi ya 250 badala ya 100. Kwa kiingilio cha pauni 10, watu ishirini na tano wanajaza siku, na siku nne za namna hiyo zinajaza wiki. Kisha kuna ile pauni moja ya ada, ambayo baa hawana: ndogo, lakini inanunua karata mpya na kulipa umeme.

Shida ni kwamba neno klabu lina masharti. Si kundi la WhatsApp lenye nembo. Klabu ya wanachama inatakiwa iwe na watu wasiopungua 25, iwe ya kudumu na si ya msimu, iendeshwe kwa manufaa ya wanachama na si kwa faida ya mtu, na wanachama wawe na sauti sawa katika kuiendesha. Juu ya yote hayo, iwe imeanzishwa hasa kwa jambo jingine lisilo kamari. Mifano ambayo maafisa wenyewe huitaja ni klabu za wafanyakazi, matawi ya Royal British Legion (chama cha askari wastaafu), na klabu zenye uhusiano na vyama vya siasa. Watu wanakutana pale kwa sababu zao, na poka ni moja ya mambo yanayofanyika.

Klabu ya poka, maana yake klabu iliyoundwa ili watu wacheze poka, haiwezekani. Wachezaji wa bridge na whist, michezo mingine ya karata, peke yao ndio walioruhusiwa kuwa na klabu ya mchezo wao tu. Kwa nini wao na si sisi? Naona ni jambo la tabaka zaidi kuliko la hesabu, lakini kulalamika hakubadilishi kifungu. Halmashauri zinajua ujanja wa kuandika katiba yenye "kukuza utamaduni" ukurasa wa kwanza na meza sita za poka ukumbini. Wakija wanaangalia mambo yanayoonekana: hesabu za fedha, tangazo lililo mlangoni, na kama usiku usio na poka kuna mtu yeyote anayefika.

Hapa jumuiya zetu za Watanzania na Wakenya zina nafasi ambayo wengi hawaioni. Jumuiya yenye katiba, yenye wanachama zaidi ya 25 wanaolipa ada ya mwaka, yenye mikutano mikuu, misiba inayoshughulikiwa, sherehe za Uhuru na madarasa ya Kiswahili ya watoto, ni klabu ya kweli kwa maana ya sheria. Poka ya Jumamosi moja kwa mwezi haiibadilishi kuwa danguro la kamari. Ni afadhali mara mia kuliko watu ishirini kujiita "klabu" ili wacheze.

Kisha kuna saa arobaini na nane. Mchezaji awe mwanachama aliyeomba, aliyependekezwa au aliyepokelewa angalau saa 48 kabla ya kucheza, au awe mgeni wa kweli wa mwanachama wa namna hiyo. Fikirieni mlangoni Jumamosi usiku. Anakuja jamaa na rafiki yake wa kazini waliyekuja naye gari moja. Huyo ni mgeni wa kweli, aandikwe kitabuni pamoja na jina la mwenyeji wake. Baada yake anakuja mtu aliyeona tangazo mtandaoni, hamjui mtu yeyote ndani, na katibu anamwambia mwanachama aliye karibu, "mwandike huyu ni mgeni wako." Huyo wa pili si mgeni, ni mteja, na kumwingiza ni kuifungua klabu kwa umma. Mpeni fomu ya uanachama, mwambieni karibu sana wiki ijayo.

Kibali cha michezo cha klabu ndicho kinachoondoa vikomo vya dau na zawadi na kupandisha ada hadi pauni 3. Kinaombwa halmashauri. Ada ya maombi ni pauni 200, au 100 kwa klabu ambayo tayari ina cheti cha klabu cha sheria ya leseni ya 2003, kisha pauni 50 kila mwaka, na kibali chenyewe kinadumu miaka kumi. Ukigawanya gharama hizo kwa wanachama 60, hazifiki hata bei ya kikombe cha kahawa kwa mwezi. Klabu inayoendeshwa kibiashara, ile yenye mmiliki, haiwezi kukipata. Ni ya wanachama wenyewe tu na zile taasisi za ustawi wa wachimba migodi.

Je, kila klabu ikiombe? Hapana. Kama mnacheza mara moja kwa mwezi kwa pauni 10, hamkihitaji, na meza isiyo na kikomo italeta watu wa aina nyingine. Nimeona jumuiya inavyoanza kugawanyika pale watu wawili wanapodaiana pesa za kodi ya nyumba kwa sababu ya mkono mmoja wa karata. Kikomo cha pauni 10 kinawalinda viongozi dhidi ya wanachama wao wenyewe. Kibali kinafaa pale ambapo tayari mna ukumbi wenu, mna watu wa kusimamia, na ada ya pauni 3 inafanya kazi: watu 40 mara 3 ni pauni 120 kwa usiku, zinazoingia kwenye mfuko wa klabu kwa njia iliyo wazi.

Sebuleni

Nyumbani hakuna kikomo cha dau. Mnaweza kucheza kwa pauni 5 au 500, mradi ni nyumba ya kuishi, mmekaribishana kama watu wa nyumbani, na hakuna malipo yoyote ya kushiriki. Neno "yoyote" hapo limebanwa kweli: iwe pesa au kitu chenye thamani ya pesa, iitwe ada, mchango wa gesi au bei ya pilau. Yule ndugu wa pauni kumi anarudi hapa. Akipika kwa moyo wake, halali. Wageni wakija na soda na kuku wa kwao, halali. Akisema asiyetoa kumi asikae mezani, sebule yake imegeuka nyumba ya kamari bila leseni, na kuendesha kamari bila leseni ni kosa la jinai lenye faini au kifungo. Kwa mtu mwenye viza inayosubiri kuongezwa muda, rekodi ya jinai ni mzigo mzito kuliko faini.

Na isiwe wazi kwa umma. Kuita marafiki ni sawa. Kutangaza anwani kwenye kundi la watu mia tano, "karibuni wote", siyo.

Usiku wa kuchangisha

Hii imesahauliwa mno, na kwa jumuiya inayochangia kusafirisha maiti au kujenga darasa kijijini ndiyo inayofaa kuliko zote. Poka ya hisani inaruhusiwa mahali ambapo mapato hayamwendei mtu binafsi. Mchezaji mmoja asilipe zaidi ya pauni 8 kwa siku kwa kila kitu kwa pamoja, kiingilio na dau, na zawadi zote za usiku zisizidi pauni 600. Mkiwa na mfululizo wa mashindano na usiku wa fainali unaowahusu waliokwishacheza awali, zawadi za fainali zinaweza kufika 900.

Watu 50 kwa pauni 8 ni pauni 400. Mkipata duka la jirani likatoa televisheni ya zawadi, karibu zote zinabaki kwenye mfuko, baada ya kutoa gharama za kweli kama kodi ya ukumbi. Hapa, tofauti na baa, kubakiza pesa ndilo kusudi lenyewe. Watangazieni wachezaji tangu mwanzo pesa zinakwenda wapi, na wekeni risiti.

Kasino

Kasino ina leseni, ina wagawaji wa kulipwa, ina kamera, na ina haki ya kukata chake mezani. Mjini London, wachezaji huenda Hippodrome pale Leicester Square au Victoria barabara ya Edgware. Nottingham kuna Dusk Till Dawn, iliyofunguliwa 2007 kwa ajili ya wachezaji wa poka hasa, nayo iko chini ya leseni ya kasino. Hilo linatosha kuonyesha kwamba anayetaka nyumba ya poka ya kibiashara hana njia ya mkato kupitia mlango wa klabu.

Kwa mchezaji wa kawaida, kasino inakupa meza safi isiyo na ubishi, na ushindi wake hautozwi kodi ya mapato Uingereza. Inachukua tu usalama wa kikomo. Hakuna wa kukwambia pauni 5 zimetosha.

Mchague nini

Kundi la watu wasiozidi ishirini, wanaojuana, wasio na chama: baa, mashindano ya pauni 5, bila kununua upya. Muulizeni kwanza msimamizi kama kaunta yake inauza kinywaji bila chakula, kama kuna kundi jingine linalocheza siku hiyo, na nani atashika orodha ya waliolipa. Akionekana hajui kikomo cha pauni 100, tafuteni baa nyingine.

Marafiki sita wanaotaka dau la maana: sebuleni, na mwenye nyumba asipokee kitu.

Jumuiya iliyosajili wanachama na ina shughuli nyingine: klabu bila kibali kwa mwaka wa kwanza, kwa pauni 10 na ada ya pauni moja. Kama mwaka huo umepita bila ugomvi na kitabu cha wageni kinasomeka, ndipo mkutano mkuu ujadili kibali. Jumuiya hiyohiyo ikiwa na msiba wa kuchangia, iachane na hesabu za klabu kwa usiku ule na itumie utaratibu wa hisani, maana pauni moja ya ada mara watu 25 haitanunua tiketi ya ndege.

Na mwandaaji anayetaka kulipwa kwa kazi yake ya kuandaa? Kwake hakuna mlango hata mmoja kati ya hii isiyohitaji leseni ya kasino. Aombe kazi ya kugawa karata kasino.